Juma moja Côte d'Azur: Mkongomani aende, lakini asiende na deni

Mwezi wa sita ukikaribia, katika jamaa nyingi za Wakongomani wanaoishi Brussels, Liège, Paris ao Lyon, linarudi ulizo lile lile: mwaka huu watoto watapelekwa wapi? Kuna jina moja linalotajwa kwa tamaa na kwa woga pamoja. Ni Côte d'Azur, pwani ya kusini mwa Ufaransa kwenye bahari ya Mediterane, kuanzia Cannes kupita Nice na Monaco mpaka Menton. Wengine wanacheka na kusema ile ni fasi ya matajiri. Wengine wanakopa ili wapigwe picha mbele ya kazino ya Monte-Carlo. Na huku Goma, Bukavu, Uvira ao Beni, ndugu wanaoona picha hizo kwenye simu wanajiuliza imekuwaje mtu aliyesema mwezi uliopita kwamba hana kitu, leo amesimama kando ya meli za mabilionea.

Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo: wivu upande mmoja, kujitetea upande mwingine. Lakini juma moja kwenye pwani hiyo linaweza kupangwa kwa feza ya mfanyakazi wa kawaida, bila kujificha na bila kumnyima mtu chakula chake. Tena Mkongomani ana sababu ya kwenda ambayo mtalii wa Uholanzi ao wa Uingereza hana. Sehemu ya uzuri wa pwani ile ililipwa na Kongo.

Waliotangulia walilipiwa na Kongo

Wa kwanza ni Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Kuanzia 1885 mpaka 1908 Kongo ilikuwa mali yake mwenyewe, haikuwa bado koloni la inchi ya Ubelgiji. Hakukanyaga udongo wa Kongo hata siku moja, lakini Cap Ferrat, rasi ndogo iliyo kati ya Nice na Monaco, aliijua vizuri sana. Katika miaka ile ambapo wanaume wa vijiji vya Kongo walilazimishwa kuingia porini kutafuta utomvu wa mpira, na wake zao kushikwa mateka mpaka kilo zitimie, mfalme alikuwa ananunua mashamba kwenye rasi hiyo na kwenye vilima vya Villefranche, moja kisha lingine. Mwaka 1904 alinunua makao yanayoitwa Les Cèdres, yenye bustani kubwa inayoteremka kuelekea bahari.

Alikufa 1909. Les Cèdres ikapita mikononi mwa wengine, na mwaka 2019 iliuzwa kwa euro milioni 200 hivi. Juu ya kilima cha Villefranche kuna jumba lingine ambalo mpaka leo linaitwa La Leopolda. Nyumba inayoonekana sasa ilijengwa miaka mingi baada ya kifo chake, lakini uwanja ulikuwa wake na jina ni lake.

Wa pili ni Mobutu. Yeye alikuwa na jumba katika Roquebrune-Cap-Martin, kati ya Monaco na Menton, liitwalo Villa del Mare. Mwezi wa nane 1996 alipasuliwa mjini Lausanne, Uswisi, kwa sababu ya kansa. Kati ya mwisho wa mwezi wa kumi na mwanzo wa mwezi wa kumi na moja mwaka ule, Uvira, kisha Bukavu, kisha Goma ziliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL na majeshi ya Rwanda yaliyowaunga mkono. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa barabarani, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Rais alipotoka Uswisi hakwenda Kinshasa. Alikwenda kwenye jumba lake la Roquebrune-Cap-Martin, na wanasiasa wakapanda ndege kumfuata huko. Alirudi Kinshasa tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili. Ni kweli alikuwa mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kupumzika. Lakini watu wa Kivu waliokuwa na akili ya kuelewa mwaka ule hawajasahau ni wapi alipumzikia.

Vakansi za hao wawili, bili yake ilitumwa Kongo. Mama anayefanya usafi katika hospitali ya Brussels, ao kijana anayeendesha bisi mjini Lyon, akipanga juma moja Nice kwa mshahara wake, ni mgeni wa namna nyingine kabisa. Hadaiwi na mtu. Hiyo ndiyo heshima yake, na ndiyo maana anapaswa kuilinda: asianze kukopa ili afanane na wale waliokula za wengine.

Siku sita za mwaka 1936

Kuna wanaosema kupumzika ni desturi ya Wazungu wenye feza. Historia inasema vingine. Mwaka 1936 watumishi wa viwanda na migodi walifanya migomo mikubwa katika Ufaransa na Ubelgiji. Ubelgiji ikatoa sheria ya kuwapa watumishi siku sita za kupumzika kwa mwaka huku wakilipwa. Ufaransa ikatoa majuma mawili. Mbele ya hapo, pwani ya Nice ilikuwa kweli ya wafalme na mabwana. Waliofungua mlango ni watu wenye mikono ya kazi, waliokubali kukosa mshahara kwa siku za mgomo ili wapate siku za kupumzika.

Leo mfanyakazi wa Ufaransa ana majuma matano kwa mwaka, na wa Ubelgiji aliyetumika mwaka mzima uliotangulia ana manne. Mkongomani anayelipa kodi na michango katika inchi hizo ana siku hizo hizo. Wengi wanazitumia kutafuta kazi ya pili, usiku na mchana, ili watume zaidi nyumbani. Nia ni nzuri, lakini mwili una mpaka wake. Mtu anayeanguka kwa uchovu akiwa na miaka 45 hatumi kitu tena. Juma moja la kupumzika ni sehemu ya kazi, kama vile kuzima moto wa jiko ni sehemu ya kupika.

Pwani haina mlango

Kinachowaogopesha wengi ni picha ya magari ya gharama kubwa na hoteli ambazo usiku mmoja unamaliza mshahara. Hayo yapo. Lakini bahari yenyewe haiuzwi. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 3 mwezi wa kwanza 1986 kuhusu pwani inasema kwamba watu wenye kutembea kwa miguu wana haki ya kufika ufukweni bila kulipa. Sheria nyingine, ya mwisho wa 1976, inawalazimisha wenye mashamba kando ya bahari kuacha njia ya metre tatu kwa wapita njia, hata kama shamba ni la bilionea. Wafanyabiashara wanaokodisha viti na miavuli mchangani wamepewa sehemu tu, na katika ufuko wa asili sehemu kubwa inapaswa kubaki wazi kwa wote.

Watu wa huko wanailinda haki hiyo. Mwezi wa saba 2015, mfalme Salman wa Saudi Arabia alipokuja kupumzika Vallauris, karibu na Cannes, serikali ilifunga ufuko ulio chini ya jumba lake. Watu zaidi ya 100.000 walitia sahihi kwenye barua ya kupinga. Mfalme aliondoka mapema kuliko ilivyotazamiwa. Kama mfalme mwenye visima vya petroli ameshindwa kufanya ufuko kuwa wake, mama wa Kongo mwenye kitambaa na kikapu cha chakula hana sababu ya kuuliza kama anaruhusiwa kukaa.

Kwenye Cap Ferrat kuna njia ya miguu inayozunguka rasi, kilometre sita hivi, bure. Treni kutoka Nice inachukua dakika kidogo kufika Beaulieu, na kutoka hapo mtu anatembea kando ya maji mpaka Saint-Jean. Les Cèdres haifunguliwi kwa watalii, na hakuna haja ya kuingia. Kuna njia nyingine inayopita chini ya majumba ya Cap Martin, upande wa Mobutu. Kila jamaa ya Wakongomani itakayokwenda huko iweke siku moja kwa njia hizo mbili, asubuhi moja na jioni nyingine. Watoto waliozaliwa Ulaya wanasikia jina la Leopold pale sanamu yake inapopakwa rangi nyekundu. Mwaka 2020 mfalme Philippe aliandikia Kinshasa barua ya masikitiko juu ya mateso ya wakati ule. Barua ni jambo moja. Kuwaonyesha watoto kwa kidole fasi ambako mali ilifikia ni jambo lingine, na hawatalisahau.

Kupanga kunaanza na kalenda

Wenye kukosea wanaanza na hoteli. Wenye kufaulu wanaanza na kalenda. Mwezi wa saba na wa nane bei za vyumba zinapanda, treni zinajaa, na kupata nafasi ya kutandika kitambaa ufukweni inaomba kuamka mapema. Mwezi wa tano Cannes ina tamasha lake la filamu, na mashindano ya magari ya Monaco yanakuja karibu na wakati huo, basi majuma yale ni ya kuepuka. Mtu asiye na watoto wa shule achague mwezi wa tisa, wakati bahari ina joto bado na matajiri wamerudi kazini. Jamaa yenye watoto katika shule za Kifaransa za Ubelgiji inaweza kutazama vakansi ya mwisho wa mwezi wa nne: maji ni baridi kuliko ya Ziwa Kivu, lakini kutembea ni kuzuri na bei haijapanda. Vakansi ya mwisho wa mwezi wa kumi pia inawezekana, ila mvua ya wakati huo ni nzito.

Kisha hati. Mwenye kibali halali cha kukaa Ubelgiji ao Ufaransa anatembea katika inchi za Schengen bila viza, akiwa na pasipoti yake na kadi yake, zote za kweli, si kopi kwenye simu. Hilo si jambo dogo. Tangu 2015 Ufaransa imerudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Italia, na treni zinazotoka Ventimiglia zinachunguzwa kwenye kituo cha Menton-Garavan. Mwenye ngozi nyeusi anaombwa hati mara nyingi kuliko jirani yake wa kiti. Ni uonevu, na ni haki kulalamika, lakini siku hiyo hati mfukoni ndizo zinamwezesha mtoto kufika hotelini bila machozi. Anayengojea jibu la ukimbizi asivuke mpaka wa inchi inayomshugulikia. Anaweza kuharibu kesi ya miaka kwa sababu ya siku saba.

Kwa mtu anayekaa Kongo, mambo ni magumu zaidi, na ni vema wanaomwalika waseme ukweli. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu mwezi wa sita 2024, na zikikataliwa haziwezi kurudishwa. Bima inapaswa kufika euro 30.000. Maombi hayapokelewi chini ya siku 15 mbele ya safari, wala zaidi ya miezi sita. Yanapelekwa kwa inchi ambako mtu atakaa siku nyingi zaidi: atakayekaa majuma matatu Liège na juma moja Nice anaomba kwa Ubelgiji. Ongeza safari ya kwenda kutafuta viza yenyewe. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa wakati mji ulipochukuliwa na M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na tangu hapo safari ya Kinshasa imekuwa mzunguko mrefu wa inchi za jirani. Kumwambia mzee auze ng'ombe ili aone Monaco ni ukatili. Kama mama anaalikwa, aalikwe kwanza kuona wajukuu. Bahari ije nyuma yake.

Kulala Nice, kutembea kwa treni

Fasi ya kulala ni Nice. Monaco ni inchi yake yenyewe, watu wake hawalipi kodi ya mapato, na chumba huko kina bei ya matajiri. Lakini treni ya kawaida inatoka Nice mpaka Monaco chini ya nusu saa, inaendelea mpaka Menton, na upande mwingine inafika Antibes na Cannes. Kwa hiyo hakuna sababu ya kukodi gari na kulipia maegesho. Anayetoka Paris kwa treni ya mbio anatumia saa sita hivi. Tike zikinunuliwa miezi mbele ni rahisi kuliko zile za juma la mwisho. Anayefika kwa ndege anapanda tram kutoka uwanjani mpaka katikati ya mji.

Nyumba ndogo yenye jiko ni bora kuliko hoteli, kwa maana wenye kumaliza feza si usiku, ni meza za mikahawa, mara mbili kwa siku, watu wanne. Sokoni Cours Saleya mtu ananunua nyanya na matunda, na mtaani anaonja socca, chakula cha watu wa kawaida wa Nice, kinachofanana na chapati na kinachofanywa kwa unga wa pois chiche. Ufuko wa Nice ni wa mawe, si mchanga. Viatu vya maji vya watoto vinunuliwe nyumbani, kwa maana karibu na bahari bei inapanda. Wanaotaka mchanga wapande treni mpaka Villefranche. Monaco inatosha siku moja, kwa miguu. Na kwenye kazino, iliyofunguliwa 1863, ni vema kukumbuka kwamba raia wa Monaco wenyewe wamekatazwa kucheza humo. Wameelewa nani anayepoteza.

Feza ya nyumbani ihesabiwe kwanza

Sasa hesabu yenyewe. Chukua mfano wa jamaa ya watu wanne iliyoona kwamba safari, chumba, chakula na treni vitafika euro 1.800. Ikianza kuweka mwezi wa tisa, mpaka mwezi wa sita ni miezi kumi, basi ni euro 180 kila mwezi. Ulizo ni moja: je, 180 hizo zinaweza kutoka bila kugusa feza ya dawa ya mama aliye Bukavu na ya masomo ya mpwa aliye Butembo? Kama ndiyo, jamaa iende na roho safi. Kama hapana, ipunguze siku ziwe nne, ao ingojee mwaka ujao. Isijaze tofauti kwa kadi ya mkopo. Juma linaisha siku ya saba. Mkopo unaendelea kudai mpaka Noeli, na wa kwanza kukatwa atakuwa yule wa nyumbani asiyeweza kupeleka barua ya wakili.

Tena jambo lisemwe wazi. Wengi wanaficha safari, kisha picha inatoka kwa simu ya mtoto, na kwa siku moja uvumi unafanya mama msafishaji kuwa milionea. Ni bora kumwambia kaka mkubwa mapema: watoto watapelekwa baharini mwezi wa tisa, feza imewekwa kidogo kidogo mwaka mzima, na ile ya kila mwezi itafika kama kawaida. Ndugu wa nyumbani nao wana sehemu yao. Kila siku ya kupumzika isigeuzwe kuwa ushahidi wa feza iliyofichwa. Anayemtaka mtumaji atume miaka ishirini amwache apumue.

Linabaki ulizo gumu kuliko yote: ni haki kweli kukaa mbele ya maji ya buluu wakati watu wa Kivu wanahama kutoka kijiji mpaka kijiji? Wanaouliza hivyo hawana roho mbaya. Wana maiti za kuzika. Lakini kosa la mwaka 1996 halikuwa bahari. Mobutu alikuwa na jeshi, hazina na mamlaka, na hakuwepo. Mama wa usafi hana jeshi la kuamuru. Amekuwepo kila mwezi, kwa njia ya makaratasi ya kutuma feza, kwa miaka ambayo wengi waliokuwa na mamlaka hawakuwepo. Akikaa nyumbani Brussels juma hilo, hakuna bunduki itakayonyamaza.

Basi aende, kwa feza yake, kwa treni ya kawaida, na hati zake mfukoni. Na siku ya kuzunguka Cap Ferrat, awaambie watoto kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, nani alinunua hapa na kwa mikono ya nani. Kisha wale mkate wao juu ya miamba. Hakuna atakayewatumia bili.